Udongo wa sheli ya zamani: pimeni kwanza kabla hamjaita malori, hela nyingi zinapotea hapo

Fundi_Udongo:
Wakuu habari za muda huu. Leo nataka tuongelee udongo uliochafuliwa, hasa wa sheli za zamani, gereji na yadi za mashine, maana naona watu wanavyoumia na hela zao na hakuna anayewaambia mapema. Kazi yangu mimi ni hiyo hiyo, kuchukua sampuli, kusimama pembeni ya shimo tenki linapotolewa, na kukaa na mwenye eneo tunapiga hesabu udongo upi uende wapi.

Kinachotokea mara nyingi ni hivi. Sheli inafungwa au inauzwa, tenki la chini linatolewa, shimo linanuka mafuta, mwenye eneo anaambiwa udongo wote uliochafuka uondoke. Anaita kontrakta, kontrakta anakuja na futi, anazunguka shimo, anasema mita 10 kwa 10, kwenda chini mita 3, tunabeba zote bosi. Hapo hesabu imeshakumaliza. Hizo ni mita za ujazo 300, na mita moja ya ujazo ya udongo uliolala ardhini ina kama tani 1.7, kwa hiyo unaongelea tani 500 na kitu. Lori la tani 20 litapiga safari 25 na ushee. Na kwa sababu hakuna karatasi yoyote ya maabara, rundo lote linahesabika taka hatarishi, unalipia gari lenye kibali, unalipia kule linakopokelewa, alafu unageuka unanunua kifusi kisafi kiasi kile kile cha kujaza shimo. Yani umelipa mara mbili kwa udongo ambao sehemu kubwa yake pengine haikuwa na shida yoyote.

Naomba hii ieleweke vizuri: udongo ambao hujaupima unalipiwa kwa bei ya ule mbaya kuliko wote uliomo humo.

Kuna eneo moja hapa Dar, sitalitaja, sheli iliyofanya kazi miaka mingi. Kila mtu alikuwa na uhakika tenki ndo limevuja kwa sababu tenki lilikuwa la zamani na lina kutu. Tukatoboa kwa keekee ya mkono kwa mistari, kila baada ya mita chache, tukapima kila nusu mita kwenda chini. Chini ya tenki safi. Uchafu ulikuwa sehemu mbili, pale kwenye mdomo ambapo gari la mafuta linamwagia kila linapokuja, na kwenye kiungio cha bomba linaloenda kwenye pampu. Alafu petroli ilivyovuja kwenye kiungio haikwenda chini moja kwa moja, ilifuata ule mchanga laini uliotandikwa kwenye mfereji wa bomba, ikatembea na bomba kama maji kwenye mtaro. Ukiuchimba ule mchanga unaona kabisa rangi inabadilika, juu ni mwekundu wa kahawia kama mchanga wetu wa kawaida, ukifika kwenye mafuta umegeuka kijivu kinachoelekea kijani. Eneo lenyewe lililochafuka sana lilikuwa kama mita 4 kwa 5 kwenda chini mita 2. Hizo ni mita za ujazo 40, tani kama 70, malori manne. Udongo uliobaki ulitolewa ukawekwa pembeni, ukapimwa maabara, majibu yakaonyesha uchafu wake uko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, mamlaka wakaridhia kwa maandishi, ukarudi kwenye shimo.

Linganisheni wenyewe malori manne na 25.

Kifaa kinachosaidia sana kwa mafuta mepesi kama petroli ni kile cha kunusa mvuke, wenyewe tunakiita PID. Unachukua udongo mbichi unajaza nusu ya mfuko wa plastiki, unafunga, unauacha dakika kama 10 uvukize, unautikisa, unatoboa kwa mdomo wa kifaa unasoma namba. Udongo safi namba inakaa karibu na sifuri, udongo wenye petroli namba inapanda hadi mamia huku unaangalia. Hicho kifaa hakikwambii benzeni, ile kemikali ya sumu, ni kiasi gani na hakioni oili nzito wala risasi (ile metali ya kwenye betri, lead), lakini kinakwambia dereva wa eskaveta aweke ndoo wapi na asimame wapi, na pale kwenye kusimama ndo penye hela.

Na tafadhali sana wakuu, acheni kunusa udongo kwa pua. Naona mafundi wanachota kiganjani wananusa wanasema huu una mafuta huu hauna. Petroli ina benzeni, na benzeni inasababisha saratani ya damu, hilo halina mjadala. Alafu pua inachoka haraka, baada ya muda kila kitu kinanuka sawa.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadri ninavyopata nafasi.

Kijana_wa_Tegeta:
Mkuu uzi mzuri. Mi nauliza, maabara si ghali? Maana unaweza kuokoa kwenye malori ukaja kupigwa kwenye vipimo. Na sampuli ngapi zinatosha?

Fundi_Udongo:
Swali la msingi sana mkuu. Vipimo vinakuwa ghali ukipima kila kitu kwenye kila sampuli, na wapo wanaofanya hivyo, wanapeleka sampuli 40 wanasema tupimie zote kila kitu. Hiyo nayo ni kutupa hela.

Anza na historia ya eneo. Sheli: jumla ya mafuta, maabara wanaandika TPH, pamoja na benzeni na wenzake watatu wanaoitwa kwa pamoja BTEX. Kama sheli ilikuwepo kabla ya 2006 ongeza risasi, maana nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, na risasi haiozi, iliyomwagika mwaka 1985 bado ipo hapo hapo. Gereji: TPH ya oili nzito pamoja na metali, kwa sababu oili chafu inabeba vyuma vya injini na betri zinapasuliwa humo humo. Penye transfoma za zamani pima PCB, kemikali ya sumu iliyokuwa kwenye mafuta ya transfoma, mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa kemikali zisizooza unaangalia miligramu 50 kwa kilo. Palipokuwa panatiwa dawa nguzo za umeme pima shaba, kromu na aseniki. Usimpimie mwenye sheli PCB, na mwenye kiwanda cha nguzo usimpimie BTEX, kama historia haionyeshi hivyo.

Alafu unakwenda kwa hatua. Sampuli nyingi zinapimwa palepale kwa kifaa cha mkononi, ambacho ukishakikodi hakikutozi kwa kila kipimo, na chache ndo zinakwenda maabara: zile mbaya kabisa, zile za mpakani ambapo namba inashuka, na zile unazotaka kuthibitisha ni safi. Za mpakani ndo muhimu kuliko zote, ndo zinachora mstari wa kukata.

Idadi siwezi kukupa namba moja. Shimo la tenki kwa kawaida ni kila ukuta wa shimo na sakafu yake, na rundo lililotolewa linapimwa kulingana na ukubwa wake. Cha msingi uweze kumwambia afisa wa mazingira mpaka uko hapa kwa sababu hizi, sio kwa sababu tumeona.

mzeewakazi_70:
Vijana mnasumbuka bure. Miaka yote udongo wa sheli tunauza kifusi, watu wanajazia viwanja vya bondeni, hakuna aliyekufa. Hivi vipimo ni hela za washauri tu.

Fundi_Udongo:
Mzee shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima lakini kwa uzito wake, maana hili ndo linanikosesha usingizi.

Ule udongo ukiuzwa kifusi unakwenda kwenye kiwanja cha mtu anayejenga, tena mara nyingi mtu wa kipato cha chini aliyenunua bondeni kwa sababu ndo alipopaweza. Anachimba kisima hapo hapo. Kwa Dar maji ya ardhini kwenye maeneo mengi ya mchanga hayako mbali kwenda chini, mafuta yakishuka yanakaa juu ya maji na benzeni inayeyuka inaingia ndani, huyo mtu anakunywa na watoto wake. Hatasema nimeugua kwa sababu ya kifusi kwa sababu hatajua kamwe. Hiyo kauli ya hakuna aliyekufa inatokana na kwamba hakuna aliyepima.

Na kwa upande wa hela, mzee, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema wazi anayechafua ndiye anayelipa, na tuna kanuni za viwango vya ubora wa udongo tangu 2007 na kanuni za taka hatarishi za 2021. Ukibeba taka hatarishi bila kibali ukazimwaga kwa mtu, umeongeza eneo la pili la kusafisha na la tatu na la nne. Aliyekuwa na tani 70 sehemu moja sasa ana tani 70 zilizochanganyika na udongo wa watu wengine, huko ndo gharama inakoenda mbali.

Kuhusu washauri nakubaliana na wewe kidogo, wapo wanaouza ripoti nene isiyo na mpaka wowote ndani yake. Ukipewa ripoti tafuta ramani. Kama hakuna ramani inayoonyesha wapi pachimbwe na kina gani, na wapi pasiguswe, hujanunua kitu.

Mtoto_wa_Jomvu:
Salaam aleikum jamaa. Mimi niko Mombasa. Hapa kwetu kuna Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu risasi mpaka damuni, watoto ndio walioumia zaidi. Kilifungwa 2014. Mahakama ya mazingira na ardhi ikatoa hukumu Julai 2020, shilingi bilioni 1.3 kwa wakaazi, na ikaamuru pasafishwe, pasiposafishwa itolewe milioni 700 za usafishaji. Kesi ikaenda rufaa, Mahakama ya Upeo Disemba 2024 ikarudisha zile fidia. Mama Phyllis Omido alipigania hilo jambo tangu mtoto wake mwenyewe alipopatikana na risasi. Sasa nauliza ndugu yangu, risasi si mafuta, hainuki, hiyo mashine yako ya mvuke haitaiona. Mtu ataanzaje kupima mtaa mzima wa watu bila kumaliza hizo pesa kwenye maabara?

Fundi_Udongo:
Waaleikum salaam ndugu yangu, nashukuru umeleta hili maana ndo mahali ambapo kupima kunaokoa kuliko hata kwenye sheli.

Kwa risasi kuna mashine ya eksirei ya mkononi, XRF, inafanana na ile bunduki ya kuchimbia ukuta. Unaigusisha kwenye udongo, ndani ya dakika moja au mbili inakupa risasi, aseniki, shaba na zinki kwa miligramu kwa kilo. Unaweza kupita nyumba kwa nyumba, ua kwa ua, mlangoni, jikoni nje, pale watoto wanapochezea, siku moja ukapata vipimo vingi sana. Udongo ukiwa umelowa namba zinashuka kwa uongo, kwa hiyo unaukausha na kuuchekecha kwanza, na sehemu ya sampuli unapeleka maabara kuhakiki kama mashine inasema kweli. Zebaki ikiwa kidogo haiioni vizuri, wachimbaji wadogo wa dhahabu wasiitegemee kwa hilo.

Mfano mkubwa wa hii kazi ni Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligundulika watoto wanakufa kwa sumu ya risasi kwa sababu watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu yenye risasi ndani ya nyua zao. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Walipokuja kusafisha hawakuchimba vijiji vizima, wasingeweza, hela isingetosha na watoto walikuwa wanaendelea kufa. Walipima kwa XRF kila ua. Palipozidi miligramu 1,000 kwa kilo udongo wa juu ulikwanguliwa ukaondolewa na kuwekwa udongo safi. Palipokuwa kati ya 400 na 1,000 pakafunikwa kwa udongo safi. Chini ya hapo pakaachwa. Na madaktari wakasubiri ua upimwe na usafishwe kwanza ndo mtoto aanzishiwe dawa, kwa sababu kumtibu mtoto alafu kumrudisha kwenye vumbi lile lile ni kazi bure.

Mnaona hapo kina chake? Risasi inayodondoka kama moshi au vumbi inang'ang'ania sentimita za juu, haishuki haraka kama petroli. Ukipima kila sentimita 5 kwenda chini mara nyingi unakuta imeishia karibu. Ua wa mita 100 za mraba ukikwangua sentimita 10 ni mita za ujazo 10. Ukichimba mita nzima kwa sababu hujapima ni mita za ujazo 100. Mara kumi, kwa ua mmoja, mtaa una nyua mamia. Kwa pesa ya kusafisha mtaa kama Owino Uhuru hiyo tofauti ndo inaamua kama nyumba zote zitafikiwa au itasafishwa nusu ya mtaa pesa iishe.

Ila kuweni makini na kiwango mnachokitumia. Ile 400 ilikuwa ya Marekani kwa udongo wa makazi, na Januari 2024 mamlaka yao ya mazingira waliishusha hadi 200. Kadri kiwango kinavyoshuka ndo tani zinavyopanda, kwa hiyo kikubalike mapema na kwa maandishi.

Mie_Niko_Uingereza:
Assalaam alaikum nyote. Mie mtoto wa Unguja, kazi yangu huku Uingereza ni kwenye makampuni ya kuchimba misingi, nasimamia udongo unaotoka saiti. Huku hichi kitu mnachokisema ndio mkate wetu wa kila siku. Kuna kodi ya dampo, kwa mwaka ulioanzia Aprili 2025 kiwango cha kawaida kilikuwa pauni 126.15 kwa tani moja, na kiwango cha chini, cha udongo na mawe yasiyo na madhara, kilikuwa pauni 4.05. Hiyo ni kodi tu, bado bei ya dampo lenyewe na lori. Kwa hiyo lori la tani 20, kodi peke yake ilikuwa pauni 81 au pauni 2,523. Tofauti inaamuliwa na karatasi ya maabara pamoja na kilichomo kwenye rundo.

Na wallahi watu wanaharibu kwa mikono yao. Eskaveta inachota udongo safi wa chini na jivu la zamani la juu kwa ndoo moja, vinachanganyika, basi lori zima linalipa bei ya jivu. Au kipande cha bati la asibesto kimevunjika kikatawanywa na matairi. Mkikiona kabla, mtu mwenye mafunzo na mavazi yake anakiokota kwa mkono, udongo unaobaki unapimwa, unaweza ukawa hauna tatizo. Mkikipondaponda kimekwisha, huwezi tena kukitoa.

Jengine, mafuta. Huku udongo ukiwa na mafuta yasiyojulikana ni ya aina gani, sharti uyadhanie mabaya, na ukivuka miligramu 1,000 kwa kilo ni taka hatarishi. Ukijua kwa hakika ni mafuta gani na ukathibitisha kwa maabara, pengine hesabu inabadilika. Kwa hiyo kile kipimo cha kutambua aina ya mafuta, bei yake ndogo, kinalipa.

Fundi_Udongo:
Sheikh umesema jambo zito, la kutochanganya. Nalirudia kwa herufi kubwa kwa waliopo saiti sasa hivi: USICHANGANYE MARUNDO. Rundo la uchafu liwe lake, la wasiwasi lake, linaloonekana safi lake, kila moja juu ya nailoni nzito na limefunikwa turubai mvua isilichuje, na kibao chenye namba na tarehe. Na kuna watu watakushauri changanya udongo mchafu na msafi namba ishuke. Usikubali. Kwanza kuzimua taka hatarishi ili ipite kipimo ni kosa, pili umeongeza tani.

Niongeze na hili la Marekani kwa sababu linafundisha kufikiri. Wao kuamua kama udongo wenye risasi ni taka hatarishi hawaangalii tu risasi iliyomo, wanaangalia itakayochuruzika ikifika dampo. Wanachukua udongo, wanaweka kimiminika chenye asidi ya siki mara 20 ya uzito wake, wanauzungusha kama saa 18, wanachuja, wanapima maji. Risasi ikifika miligramu 5 kwa lita ni hatarishi. Kipimo kinaitwa TCLP na sio cha bei rahisi. Lakini fanyeni hesabu, kama kimiminika ni mara 20, basi hata risasi yote iliyomo ikitoka, udongo wenye chini ya miligramu 100 kwa kilo hauwezi kufika 5. Kwa hiyo unapima kwanza jumla ya risasi, kipimo cha bei rahisi, na zile tu zilizofika 100 ndo unazilipia TCLP. Na zikifeli, unaweza kuchanganya na fosfeti au saruji inayoifunga risasi isichuruzike, kwa kibali, alafu unapima tena, ukifaulu unakwenda dampo la bei nyingine. Hiyo ni tofauti na kuzimua, huku risasi imefungwa kweli.

dogo_maabara:
Kwa ruhusa yenu wakubwa, mimi nipo maabara, niseme kinachotuumiza upande wetu. Mtu analeta udongo wa petroli kwenye mfuko wa rambo, umekaa kwenye buti la gari kutwa nzima juani, anataka tupime benzeni. Benzeni imeshaondoka yote njiani. Majibu yatatoka safi, atafurahi, na hayo majibu ni uongo mtupu. Au analeta chupa imejaa nusu, mvuke wote uko juu kwenye nafasi tupu, tukifungua unatoka.

Chupa ya glasi, mfuniko wenye kitambaa cha teflon ndani, ijazwe mpaka juu isibaki nafasi, isikorogwe, iwekwe kwenye deli lenye barafu hapo hapo, iletwe haraka na fomu imejazwa nani kachukua, saa ngapi, kina gani, nani kampokea. Na kwa benzeni msichanganye sampuli za mashimo matano kuwa moja, mkikoroga tu inaruka. Kwa metali kuchanganya ni sawa, tena inapunguza gharama. Lete pia sampuli moja ya udongo wa jirani ambao haujawahi kuguswa.

Fundi_Udongo:
Hiyo ya mwisho dogo umenikumbusha. Ule udongo wa jirani unakwambia asili ya eneo. Kanda ya dhahabu kule Ziwa Victoria miamba yenyewe ina aseniki, ukienda na kiwango cha kitabuni bila kupima pembeni unaweza ukalipa kusafisha kitu ambacho Mungu alikiweka na kipo kilomita nzima kila upande. Sampuli mbili tatu za pembeni zinakuondolea hilo.

mama_viwanja:
Habari zenu kaka zangu. Nafuatilia huu uzi toka mwanzo. Nina kiwanja nimekipenda, zamani kilikuwa gereji, bei nzuri sana, nataka kujenga apatimenti. Muuzaji anasema pamesafishwa, wameondoa udongo wa juu. Nifanyeje kabla sijalipa?

Fundi_Udongo:
Dada karibu. Bei nzuri ya gereji ya zamani mara nyingi ina sababu, usilipe bado. Muombe muuzaji majibu ya maabara ya baada ya kusafisha, yaliyochukuliwa kwenye sakafu na kuta za shimo. Kama hana, hapajasafishwa, pamefunikwa. Ongea na majirani na mafundi waliofanya kazi hapo, waulize shimo la kuingilia chini ya magari lilikuwa wapi, oili chafu ilimwagwa wapi, betri zilipasuliwa wapi, mara nyingi ni kona ya nyuma karibu na ukuta. Angalia picha za setelaiti za miaka ya nyuma, zipo bure, utaona magari na madoa meusi yalivyokaa. Pale ndo utoboe kwanza, sio katikati ya kiwanja palipopendeza. Pima juu, nusu mita, mita moja, na usishangae ukikuta sentimita 30 za kifusi kisafi alafu chini yake weusi.

Alafu majibu uyatumie kwenye bei. Ukijua ni tani 60 kona moja unakaa mezani na muuzaji na namba mkononi, apunguze au asafishe yeye kwanza, na iandikwe kwenye mkataba kuwa kikigundulika kingine cha enzi zake ni juu yake. Bila namba yeye atasema ni kidogo na wewe utahisi ni kikubwa, mtavutana bure.

mama_viwanja:
Asante sana kaka. Na hiyo oili ikikutwa, lazima ibebwe? Hakuna namna ya kuisafishia hapo hapo?

Fundi_Udongo:
Ipo, na hapo pia kipimo ndo kinaamua. Dizeli na mafuta mepesi yanaliwa na bakteria wa kwenye udongo wenyewe, na joto letu linawasaidia sana kuliko wenzetu wa baridi. Unatengeneza tuta juu ya nailoni, unalowesha lisilowe chapachapa, unaweka mbolea kwa uwiano wa kama kaboni 100, naitrojeni 10, fosforasi 1, hata mbolea ya kuku inafaa, unaligeuza mara kwa mara lipate hewa, unapima TPH kila baada ya wiki kadhaa mpaka ishuke chini ya kiwango mlichokubaliana na mamlaka ya mazingira. Ni kazi ya miezi, inahitaji nafasi na kibali, ila hakuna malori. Petroli nyepesi sana nayo inaruka hewani, kwa hiyo usifanye karibu na madirisha ya watu.

Oili chafu ya injini ni habari nyingine, ni nzito, bakteria wanaichukua polepole mno, na ina metali ambazo haziliwi na kitu chochote. Kwa hiyo kwenye kiwanja chako omba maabara wakutenganishie TPH kwa uzito, nyepesi kiasi gani na nzito kiasi gani, pamoja na risasi. Ikiwa nyingi ni dizeli na risasi iko chini, tuta litafanya kazi, ujenzi uanze upande mwingine huku tuta likiendelea. Ikiwa ni nzito na risasi iko juu, usipoteze miezi, iondolewe hiyo kona tu ipelekwe kwa mwenye kibali, alafu kabla hamjajaza kifusi mchukue sampuli za kuta na sakafu ya shimo na msubiri majibu shimo likiwa wazi, limezungushiwa uzio. Wengi wanajaza siku hiyo hiyo, majibu yakija mabaya wanalipa eskaveta irudi kufukua kifusi walichokinunua.